Jason Sendwe: muuguzi aliyepinga Katanga kujitenga, akauawa Kalemie

Wengi wanaotaja jina la Sendwe kila siku hawamfikirii mtu, wanafikiria hospitali. Mjini Lubumbashi mgonjwa akizidiwa, jamaa wanasema apelekwe Sendwe, na kila mtu anaelewa kwamba ni ile hospitali kubwa ya jimbo. Lakini Jason Sendwe hakuzaliwa Lubumbashi wala hakufia huko. Aliuawa tarehe 19 Juni 1964 katika mji wa Albertville, ambao leo tunauita Kalemie, akiwa rais wa jimbo la Katanga Kaskazini. Alikuwa na umri wa miaka 47 hivi.

Maisha yake yanagusa swali ambalo wazee wa pande za Tanganyika na Haut-Lomami wamelibeba kwa miaka mingi. Ilikuwaje kiongozi aliyesikilizwa na Baluba wa Katanga kuliko mwingine yeyote, mtu aliyeponea chupuchupu wakati wa Katanga kujitenga, akaja kuuawa mwaka mmoja na nusu baada ya vita hivyo kumalizika, katika mji uliokuwa chini ya serikali yake mwenyewe?

Mtoto wa Kabongo

Sendwe alizaliwa mwaka 1917 huko Mwanya, katika eneo la Kabongo, ndani ya nchi ya zamani ya wafalme wa Baluba. Wakati huo Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Kijana asiye na ukoo wa kichifu alikuwa na njia moja tu ya kuinuka, nayo ni shule ya misheni. Yeye alisoma katika shule za Waprotestanti.

Ndoto yake ilikuwa kuwa muganga, lakini mlango huo ulikuwa umefungwa. Wabelgiji waliwafundisha Wakongomani kazi za ukarani, ualimu, uuguzi na usaidizi wa waganga, lakini hawakuwafungulia masomo ya juu. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi, Lovanium, kilifunguliwa karibu na Leopoldville mwaka 1954, wakati Sendwe alikuwa tayari mtu mzima wa miaka 37. Basi akafanya kazi zilizowezekana: alikuwa mwalimu, akawa mhubiri, kisha akawa muuguzi.

Kazi hizo tatu zilimpa kitu ambacho wanasiasa wengi wa wakati ule hawakuwa nacho. Mwalimu anajulikana na watoto pamoja na wazazi wao, mhubiri anajua kusimama mbele ya watu na kusikilizwa, na muuguzi anaingia ndani ya nyumba wakati familia iko taabuni. Sendwe alipoanza siasa, watu walikuwa wakimjua tayari.

Chama cha Baluba wa Katanga

Miaka ya 1950 miji ya migodi ya kusini, Elisabethville, Jadotville na Kolwezi, ilijaa wafanyakazi kutoka kila upande. Walikuwepo Baluba wa kaskazini ya Katanga, Baluba wa Kasai, Lunda, Bayeke, Tshokwe, Babemba na wengine. Kazi zilikuwa nyingi, lakini nyumba, shule na vyeo vilikuwa vichache, na kila kabila lilianza kuunda chama cha kusaidiana. Mwaka 1957 Sendwe alianzisha Balubakat, yaani chama kikuu cha Baluba wa Katanga, na akakiongoza.

Mwisho wa mwaka huo huo Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa wakuu wa komini mjini Elisabethville. Watu waliohesabiwa kuwa wageni, hasa wenye asili ya Kasai, ndio walioshinda. Wenyeji wa kusini waliona wameporwa mji wao, na mwaka 1958 wakaunda Conakat, ambayo baadaye ilikuja kuongozwa na Moïse Tshombe. Neno lao kuu lilikuwa kwamba Katanga ni ya Wakatanga halisi.

Mwanzoni mwa mwaka 1959 Balubakat iliingia katika Conakat, kwa maana Baluba wa kaskazini nao ni wenyeji wa Katanga. Ushirika huo haukufika mwaka. Conakat ilizidi kusogea karibu na walowezi wa Kizungu waliotaka Katanga iwe na mamlaka yake na ifungamane na Ubelgiji. Sendwe hakukubali. Kwake, shaba ya Katanga ilikuwa mali ya Kongo nzima, na kuwafukuza watu wa Kasai kungewasha moto kati ya ndugu. Mnamo Novemba 1959 Balubakat ikatoka. Ikaungana na chama cha Tshokwe, Atcar, na chama cha watu wa Kasai, Fedeka, wakaunda kambi moja iliyoitwa Cartel.

Tangu siku hiyo Katanga ilikuwa na vichwa viwili: Tshombe kusini, Sendwe kaskazini.

Uchaguzi uliogawa jimbo

Mwanzoni mwa mwaka 1960 Sendwe alikuwa Brussels katika mkutano wa meza ya mviringo, ambako viongozi wa Kongo walipata tarehe ya uhuru: 30 Juni. Uchaguzi ulifanyika mwezi wa Mei. Katika bunge la jimbo la Katanga lenye viti 60, Conakat ilipata 25, na Cartel ikaifuata kwa karibu sana. Hakuna aliyekuwa na wingi wa peke yake. Sendwe mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa taifa huko Leopoldville.

Sheria ya wakati huo ilidai theluthi mbili za wabunge wa jimbo wawepo ndipo serikali ichaguliwe. Wabunge wa Cartel walitumia nafasi hiyo. Walikataa kuingia ukumbini, wakitumaini kulazimisha serikali ya pamoja. Bunge la Ubelgiji likabadilisha sheria katikati ya Juni, wiki mbili tu kabla ya uhuru, ili wingi wa kawaida utoshe. Tshombe akaunda serikali ya Conakat peke yake.

Kwa Baluba wa kaskazini, huo ulikuwa mchezo uliobadilishiwa kanuni katikati ya uwanja. Hasira iliyomwagika baadaye ilianzia hapo. Waziri mkuu mpya, Patrice Lumumba, alijaribu kurekebisha mambo kwa kumteua Sendwe kuwa kamishna wa serikali kuu katika Katanga. Conakat ikaona uteuzi huo kama tusi. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni nchi huru, na Sendwe hakuweza kushika kazi aliyopewa.

Kaskazini yawaka moto

Kutoka Manono hadi Kabalo, kutoka Nyunzu hadi vijiji vilivyo karibu na Albertville, Baluba walikataa bendera ya Katanga. Vijana wa Balubakat, waliojulikana kwa neno la Kifaransa Jeunesse, walichimba barabara, wakabomoa madaraja na kukata reli. Silaha zao zilikuwa mishale, mikuki, mapanga na minyororo ya baiskeli. Tshombe aliwatuma jandarme wake pamoja na maofisa wa Kibelgiji na askari wa kukodiwa, na vijiji vingi vikachomwa.

Hapo ndipo tabia ya Sendwe inaonekana vizuri. Alikuwa na nafasi ya kubaki Leopoldville na kuchochea vita kwa redio. Badala yake, mnamo Oktoba 1960 alikwenda kaskazini akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Alipita akiongea na watu wake, akiwaomba wapumzishe silaha na wafungue njia. Watu walimpokea kwa maelfu. Kwa muda hali ilitulia, na Umoja wa Mataifa ukatenga kaskazini kuwa eneo ambalo jandarme wa Tshombe hawakupaswa kulishambulia.

Utulivu huo haukudumu. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, magharibi ya Albertville, doria ya askari 11 wa Ireland chini ya Luteni Kevin Gleeson ilifika kwenye daraja lililovunjwa. Walikuwa wa kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye makao yake Albertville. Wapiganaji wa Baluba waliwashambulia, inaelekea kwa kuwadhania kuwa Wazungu wa Tshombe. Waireland tisa walikufa, na Baluba wengi nao walipoteza maisha. Nchini Ireland maelfu kwa maelfu walijaa barabara za Dublin kwenye mazishi, na jina la Niemba, kituo kidogo cha reli ambacho wasafiri wa Kalemie wanakijua vizuri, linakumbukwa huko mpaka leo.

Niemba ilionyesha jambo ambalo Sendwe angelilipia baadaye kwa maisha yake. Vijana walilipenda jina lake, waliimba chama chake, lakini hawakungoja amri yake. Kiongozi alikuwa mbali, nao walikuwa na moto mlangoni. Wakati huo huo wenzake wa Balubakat walichukua njia yao. Chini ya Prosper Mwamba Ilunga walitangaza jimbo lao la Lualaba, na mwanzoni mwa 1961 wakaweka makao yake Manono kwa msaada wa askari waliotoka Stanleyville.

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa katika Katanga. Baadaye mwaka huo makumi ya maelfu ya Baluba waliokuwa wakiishi Elisabethville walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, wakiogopa kuuawa na jirani zao.

Naibu waziri mkuu

Mwezi wa Agosti 1961, baada ya bunge kukutana Lovanium, Cyrille Adoula aliunda serikali ya umoja. Sendwe alifanywa naibu waziri mkuu wa pili, nyuma ya Antoine Gizenga. Alikaa katika cheo hicho hadi Januari 1963, mwezi ule ule ambao Katanga ya Tshombe ilisalimu amri mbele ya askari wa Umoja wa Mataifa.

Hicho kilikuwa kilele cha safari yake. Mwana wa Mwanya, aliyenyimwa masomo ya uganga, alikuwa mmoja wa watu wakubwa wa serikali ya Kongo, na jambo alilolipigania, yaani Katanga kubaki ndani ya Kongo, lilikuwa limetimia. Lakini miaka hiyo ya Leopoldville ilimgharimu. Kaskazini iliendelea kuumia bila yeye. Askari wa serikali kuu waliofika kama wakombozi nao walifanya maovu. Tarehe 1 Januari 1962 huko Kongolo waliwaua wamisionari Wakatoliki 20 kwa siku moja. Mashamba yalilala, reli ilikatika na shule zilifungwa. Ndani ya Balubakat wakubwa waligawanyika, kila mmoja na watu wake.

Rais wa jimbo huko Albertville

Mwaka 1962 serikali kuu iliigawa mikoa sita ya zamani katika majimbo madogo zaidi, na Katanga Kaskazini ikawa jimbo. Mnamo Septemba 1963 Sendwe aliacha siasa za Leopoldville na kuchaguliwa kuwa rais wake, cheo ambacho leo tungekiita gavana.

Albertville aliyoikuta haikuwa kijiji. Mji ulianza kama boma la kupambana na wafanyabiashara wa watumwa, lililojengwa na Kapteni Jules Jacques mwishoni mwa 1891. Ulikua wakati reli kutoka Kabalo ilipofika ziwani mwaka 1915. Hapo mto Lukuga unatoka ziwani kuelekea mto Lualaba, hapo treni ilikutana na meli za kwenda Kigoma, na hapo palikuwa na kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Mji wa namna hiyo ungeweza kulisha jimbo, ikiwa tu reli inatembea, bandari inafanya kazi na watu wanalipwa.

Lakini jimbo jipya lilirithi madeni ya vita. Wafanyakazi wa serikali walingoja mishahara. Vijana waliopigana mwaka 1960 waliona wanasiasa wakipanda magari huku wao wakirudi mikono mitupu kwenye vijiji vilivyoungua. Waliahidiwa kwamba uhuru wa kweli utakuja Tshombe akianguka. Tshombe alianguka, alikimbilia Ulaya, na maisha hayakubadilika.

Bungeni mambo hayakuwa bora. Mnamo Machi 1964 wapinzani wake, ambao nao walikuwa watu wa Balubakat, walimwondoa Sendwe madarakani na kumweka Fortunat Kabange Numbi. Baada ya muda mfupi alirudi. Lakini serikali inayopinduliwa na kurudishwa ndani ya majuma machache haiogopwi tena na mtu, wala haiaminiwi.

Wakati huo huo moto mwingine ulikuwa unakuja kutoka kaskazini. Wafuasi wa Lumumba waliokimbilia Brazzaville walikuwa wameunda baraza la ukombozi mwaka 1963. Mmoja wao, Gaston Soumialot, alipanga uasi wa mashariki akiwa Bujumbura. Katikati ya Mei 1964 Uvira iliangukia mikononi mwa waasi. Hivyo ndivyo vita ambavyo wengi wa mashariki wanaviita vita vya Mulele vilivyofika ziwani kwetu.

Siku za mwisho

Tarehe 27 Mei 1964 vijana waliinuka ndani ya Albertville yenyewe. Baadhi yao walikuwa wale wale waliokuwa wakilitukuza jina la Sendwe miaka minne kabla. Waliushika mji na kumkamata rais wa jimbo. Siku tatu baadaye askari wa serikali waliurudisha mji na kumtoa Sendwe akiwa hai.

Angeweza kuondoka wakati huo. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mji haumlindi tena. Lakini rais wa jimbo akikimbia, jimbo limekwisha, na Sendwe alibaki kazini. Majuma mawili yaliyofuata askari wa serikali walizidi kuvunjika moyo. Askari wa Umoja wa Mataifa, waliomlinda mwaka 1960, walikuwa wanafunga mizigo. Wa mwisho wao waliondoka Kongo tarehe 30 Juni 1964.

Katikati ya Juni askari wa serikali waliuacha mji bila ulinzi wa maana. Waasi waliingia tena, na tarehe 19 Juni Sendwe aliangukia mikononi mwao akauawa. Namna alivyouawa, na nani aliyetoa amri, vimesimuliwa kwa njia mbalimbali, na kila upande wa siasa za Katanga umeutumia mdomo wake. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba Albertville ikawa mji mkubwa wa kwanza wa Katanga kutawaliwa na waasi, na Soumialot akaufanya makao yake. Miongoni mwa viongozi wa uasi huo wa mashariki alikuwa kijana mmoja aliyepitia vijana wa Balubakat, Laurent-Désiré Kabila, ambaye miaka 33 baadaye alikuwa rais wa nchi.

Siku 21 baada ya Sendwe kuuawa, Tshombe, adui wake wa zamani, aliapishwa kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Mtu aliyetaka Katanga itoke ndiye aliyekabidhiwa nchi, na mtu aliyetaka ibaki alikuwa kaburini. Tarehe 30 Agosti 1964 ni jeshi la serikali ya Tshombe, pamoja na askari wa kukodiwa, lililoiteka tena Albertville. Raia wengi wa mji walilipa mara mbili: kwanza kwa waasi, halafu kwa wale waliokuja kuwafukuza waasi.

Alichoacha

Sendwe hakuacha kitabu wala mali inayozungumzwa. Aliacha jina ambalo hata wapinzani wa chama chake walilikubali, na ndiyo sababu liliwekwa juu ya hospitali ya Lubumbashi, mji uliowatesa watu wake mwaka 1961. Ni heshima inayomfaa mtu aliyetaka kuwa muganga akabaki muuguzi.

Wapo wanaomlaumu. Wanasema alikiita chama chake kwa jina la kabila, na chama cha kabila hakiwezi kuzuia vita vya makabila. Lawama hiyo ina uzito. Balubakat iliwapa vijana wimbo na adui kabla ya kuwapa kazi na mpango. Lakini Sendwe aliwaunganisha Baluba na Tshokwe na watu wa Kasai wakati wenzake walikuwa wakiwafukuza, na mara mbili, mwaka 1960 na mwaka 1964, alikwenda mwenyewe mahali penye hatari badala ya kutuma watu. Alichokosa ni vitu ambavyo neno la kiongozi peke yake haliwezi kuvitoa: mshahara unaofika, askari wanaolipwa, na wenzake wa chama wanaokubali kushindwa bila kuvunja nyumba. Hali hiyo watu wa Kalemie, Nyunzu, Manono na Kabalo wanaifahamu, kwani tangu mwaka 2013 wengi wao wamekimbia tena vijiji vyao kwa sababu ya mapigano kati ya Batwa na Baluba.

Jimbo la Katanga Kaskazini lilifutwa mwaka 1966, na pande zote zikarudishwa chini ya mji wa kusini. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa upya, na Kalemie ikawa tena makao makuu ya jimbo, kama ilivyokuwa wakati wa Sendwe. Lakini nchi aliyoiongoza haikurudi kuwa moja. Kabongo, alikozaliwa, iko Haut-Lomami. Kalemie, alikofia, iko Tanganyika.